Waya wa Kurudi Hauna Mnunuzi

Kuna watu wakipata kiinua mgongo hununua kiwanja Kigamboni. Wengine huongeza mke, halafu mwaka haujaisha wanarudi mjini kutafuta kibarua. Shemeji yangu, baada ya miaka mingi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa huko Leicester, Uingereza, alinunua karavani. Wala si mpya. Ni ya miaka ya tisini, ina mapazia ya maua, jiko la gesi, viti vinavyogeuka vitanda, na harufu ya mbwa wa Kizungu ambaye hatukubahatika kufahamiana naye. Akaipandisha meli, ikafika, ikalipiwa, ndipo akanipigia simu.

"Shemeji, nyumba ya mapumziko hiyo imeshafika. Na bahati nzuri wewe pikapu unayo."

Bahati nzuri ya nani, hakusema. Pikapu ninayo, sikatai. Ni Hilux ya mwaka 1998 ninayobebea pumba na vyakula vya kuku, na kwa kazi hiyo hatujawahi kugombana. Haijawahi kuniuliza habari za friji. Lakini simu ilikuwa kwenye spika, dada mtu, yaani mama watoto, amekaa pembeni anachambua mchele huku akinitazama usoni. Ningejibu nini? Nikasema, "Karibu sana shemeji, tutaivuta."

Kwa asiyewahi kuiona, karavani ni chumba na sebule juu ya magurudumu mawili. Haina injini, haina usukani, na haina aibu: kila inachohitaji inaliomba gari lililo mbele yake. Taa za nyuma inaomba. Indiketa inaomba. Taa za breki, chaji ya betri yake ya ndani, umeme wa friji, vyote inaomba, na maombi yote hayo hupitia kwenye plagi zinazoning'inia puani mwake. Enzi hizo Waingereza walitumia plagi mbili, nyeusi na ya kijivu, kila moja na pini saba. Nyeusi ni ya barabarani, taa tu. Ya kijivu ni ya starehe: friji, chaji, na taa ya rivasi iliyodandia humo sijui kwa nini. Kuanzia karibu mwaka 2008 watengenezaji wa huko waliziunganisha zikawa plagi moja ya pini 13, lakini hayo ni ya wenye vipya. Mzigo wa shemeji ni wa plagi mbili.

Nikamwita fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu Kimara. Ofisi yake ipo chini ya mkorosho ulio kando ya ua wangu: benchi, testa, na betri kuukuu ambayo haijulikani ni ya nani. Akachuchumaa, akazitazama plagi, akasimama na kujipangusa mikono ambayo bado haijachafuka.

"Mzee, hizi ni nyaya tu. Nusu saa."

Akachukua plagi ya kijivu akajaribu kuichomeka kwenye soketi nyeusi. (Soketi zote mbili shemeji alizituma ndani ya kabati la sahani, zimeviringishwa kwenye gazeti la huko.) Ikagoma. Akaikandamiza kwa goti. Ikagoma. Akamtuma kijana wake alete tupa.

"Tupa ya nini tena?"

"Kuna kipini hapa katikati kimezidi, mzee. Nakisawazisha tu."

Hakijazidi. Waliobuni vitu hivi walijua dunia ina watu wa namna hii, wakaigeuza pini ya katikati: kwenye soketi moja inachomoza, kwenye nyingine ni tundu, ili mtu asije akapeleka umeme wa friji kwenye indiketa. Mtu mzima alikaa ofisini, akawaza, akaweka kizuizi, kikachorwa, kikapigiwa mihuri, na sasa kilikuwa kinakwenda kuondolewa kwa tupa chini ya mkorosho. Nikaichukua ile tupa nikaitia mfukoni. Ikakaa mfukoni mwangu mpaka kazi ikaisha.

Hapo ndipo kijiwe kilipohamia uani kwangu. Mtaani kwetu boneti ikifunguliwa wanaume hutokea. Hawaitwi, hutokea tu. Alikuja dereva mstaafu wa daladala. Alikuja kinyozi aliyeacha mteja kitini ana ndevu upande mmoja. Akaja pia jirani yangu ambaye ana mpwa wake Texas, na mpwa huyo wa Texas ndiye aliyetupotezea mchana mzima. Jirani alimpigia simu ya video, akamwonyesha karavani, kijana akacheka mpaka akakata simu. Baadaye akatuma video ya Mmarekani mwenye kofia anayefunga umeme wa trela kwa ustadi na maelezo mazuri. Fundi akaitazama yote kwa bando langu, kisha akashika koleo.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Huo mweusi unaupeleka wapi?"

"Kwenye chanya ya betri, mzee. Si umeona mwenyewe? Mweusi ndio moto."

Kwa Mmarekani, sawa. Kwenye plagi zao za pini saba waya mweusi huleta umeme wa betri moja kwa moja, na wa bluu huendesha breki za umeme za trela. Kwa Mwingereza mweusi ni taa ya nyuma ya kushoto, na bluu ni taa ya ukungu, ambayo hapa Kimara ingekaa mpaka iote kutu haijawashwa. Breki za umeme karavani hii haina kabisa. Breki zake ni za chuma, hujikaza zenyewe pale karavani inapoanza kulisukuma gari kwa nyuma. Tungemfuata yule wa kofia tungepata taa moja ya nyuma inayowaka usiku na mchana, funguo ikiwa mfukoni, hadi betri ikate roho. Nilieleza yote hayo. Jirani alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini huyu ni Mmarekani."

Na Mjapani aliyetengeneza pikapu naye ana rangi zake. Ukiingiza kichwa chini ya dashibodi unakuta kijani chenye mstari huu, kijani chenye mstari ule, na ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Tukawa na mataifa matatu chini ya mkorosho mmoja, na mkalimani wao ni kijana mwenye testa ya balbu. Ila nilipozipanga zile rangi kwenye karatasi, niliona mahali ambapo Mwingereza na Mmarekani wanashikana mikono. Njano ni kushoto. Kijani ni kulia. Na mweupe ni ethi. Huo mweupe hawakuubishania: pande zote mbili za bahari waliona kwamba umeme ukishafanya kazi lazima uwe na njia ya kurudi kwenye betri, wakaipa njia hiyo rangi isiyofichika.

Fundi wangu akaukata.

Sisemi kwa kutia chumvi. Aliukata waya mweupe kabla haujaifikia plagi, akaufunga kwa skrubu kwenye fremu ya chuma ya karavani, kile kipande kilichobaki akakikunja akakizungushia tepu nyeusi. "Huu hatuuhitaji," akasema. "Ethi itapita hapa." Akakigonga kwa bisibisi kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya pikapu, cha milimita 50, ambacho karavani hukikalia inapovutwa. "Chuma kwa chuma, mzee."

Nikakataa. Nikamwambia chuma hicho kinazunguka, kinaruka kila penye shimo, na kinakula vumbi. Akaniuliza kama nimewahi kuona gari lenye waya wa ethi unaokwenda kwenye kila balbu. Kweli, kwenye magari mengi bodi yenyewe ndiyo hasi. Unapeleka chanya, upande wa pili unaukaza kwenye bati, kazi imekwisha. Wamelelewa hivyo. Dereva mstaafu akathibitisha kuwa daladala lake lilitembea miaka yote bila "hizo nyaya za kurudirudi". Kinyozi akaunga mkono. Wakawasha taa: zikawaka zote. Wakapiga makofi, na mama watoto, aliyekuwa dirishani, akaniambia kwamba mimi nina tabia ya kumkatisha mtu tamaa.

Kwa hiyo tukaenda kuijaribu barabara ya Morogoro tukiwa na ethi inayopita kwenye mpira wa chuma.

Baada ya Kibaha trafiki akatupungia mkono. Tukasogea kando, na hapa niwape Waingereza haki yao: mlango wa karavani zao upo kushoto, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo abiria anashukia majanini. Karavani za Bara la Ulaya mlango wake ni kulia. Ungetaka kumshusha trafiki kwa mlango wa namna hiyo barabara ya Morogoro, ungemshushia chini ya semi-trela la shaba ya Kongo. Akachungulia ndani, akayaona mapazia ya maua, akatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hii ni gari au ni nyumba?"

"Ni trela, mwanangu. Namba yake hiyo hapo."

"Nimeiona namba. Sasa mbona nyumba yako inakonyeza? Ukikanyaga breki, inakonyeza. Ukiweka indiketa ya kulia, inakonyeza macho yote. Nilikuwa nyuma yako, nimeshindwa kujua unakata kona, unasimama, au unanisalimia."

Alikuwa na haki, na alikuwa na kitabu, na kosa ni elfu thelathini. Lakini ninataka kueleza kilichokuwa kinatokea, kwa kuwa nimewaeleza watu wa kijiwe mara nyingi na hakuna anayenisikiliza hadi mwisho.

Umeme wa breki ukifika kwenye balbu ukakosa njia ya kurudi, haukai chini ukasubiri. Unatafuta uchochoro. Taa zote za nyuma ya karavani zimefungwa hasi zao mahali pamoja, kwa hiyo umeme huo unageuka, unaingia kwenye balbu ya indiketa kwa mlango wa nyuma, au kwenye taa ndogo ya usiku, unapanda na waya wake hadi kwenye pikapu, unarudi nyumbani kwa njia ya watu. Ndiyo maana unakanyaga breki, taa isiyohusika inawaka kwa unyonge, na iliyohusika haina nguvu. Kila kichwa cha karavani kilipokaa vizuri juu ya mpira, ethi ilikuwepo. Kila tulipopita kwenye tuta, haikuwepo. Balbu nzima zote. Fyuzi nzima zote. Fundi angeweza kubadilisha balbu mpaka Pasaka.

Tukarudi chini ya mkorosho. Nikasema nataka waya mweupe urudishwe kwenye pini yake, na nataka ethi ya pili, nene, kwa ajili ya friji. Fundi hakubisha, mafundi hawabishi, wanakutajia bei mpya. Ila akaona haya kidogo kuandika "ethi" kwenye karatasi ya mahitaji, akaandika "waya nyingine".

Dukani ndipo nilipojua kwamba fundi wangu hana tofauti na taifa zima. Nilimwomba muuzaji waya wa milimita sita, mwekundu mita nane, mweusi mita nane.

"Mwekundu nakupa sita," akasema. "Mweusi chukua wa moja na nusu, usipoteze hela. Huo si ni wa kurudi tu?"

Wa kurudi tu! Umeme uliokwenda kwenye friji ndio huohuo unaorudi, haupungui hata kidogo njiani. Ampea kumi zimekwenda, ampea kumi zinarudi. Hauachwi ndani ya friji kama mboga. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeegemea kaunta. Kwa mtazamo wake, mwekundu ndio unaofanya kazi, mweusi unasindikiza. Nimeona nyumba za milioni mia mbili zenye vioo vya buluu, na ethi yake ni kipande cha nondo kilichochomekwa kwenye mchanga mkavu nyuma ya choo. Mgeni akija anaonyeshwa taa za dari.

Kisha akaniletea roli ya waya wa kufungia nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Nikakataa. Huo ukishawekwa ukutani unakaa kwa amani, lakini chini ya gari linalotetemeka kutwa nzima unachoka na kukatika ndani ya ganda lake, na kwa nje hujui. Gari linataka waya laini wa nyuzi nyingi. Akaniletea wa nyuzi nyingi, bei nzuri ajabu. Nikaomba wembe. Nikakwangua uzi mmoja, taratibu, chini ya taa ya kaunta: wekundu wa shaba ukatoka juujuu, na ndani yake pakatokea weupe. Aluminiamu iliyovalishwa kanzu ya shaba. Unapitisha umeme, ndiyo, lakini kwa shida kuliko shaba yenyewe, na unaoza kwenye viungo. Muuzaji akautazama ule weupe kwa mshangao mkubwa, akasema hajawahi kuuona, akainama chini ya kaunta akatoa roli nyingine ambayo ilikuwa hapo hapo mguuni pake.

Kwa nini nang'ang'ania milimita sita? Kwa sababu ya friji, na friji ya karavani ni kiumbe ambaye sijawahi kukutana naye. Haina mota, haina compresa, haingurumi. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayopoza kwa kupashwa moto. Umesoma sawasawa. Unaipasha moto, amonia inachemka na kutoka kwenye maji, inazunguka kwenye mabomba pamoja na hidrojeni, na kule upande wa pili inatoa baridi. Moto wenyewe unaweza kuwa wa gesi, wa umeme wa nyumbani, au wa volti 12 za gari. Gesi ni ya ukiwa umeegesha. Barabarani hakuna mwenye akili anayesafiri na moto unawaka nyuma yake, kwa hiyo safarini inategemea gari. Na kwa kuwa ni kitu cha kupasha moto, hula. Karibu ampea 10, mfululizo, bila kupumzika.

Sasa piga hesabu. Kutoka kwenye betri iliyo mbele ya pikapu hadi kwenye friji ni kama mita nane kwenda na mita nane kurudi. Kwa waya wa shaba wa moja na nusu, ampea 10 zinapoteza takriban volti 1.8 njiani. Injini inaunguruma, alteneta inatoa volti 14, friji inapokea 12.2, na kwa kuwa nguvu ya joto hushuka haraka kuliko volti zenyewe, joto la friji limepungua kwa karibu robo. Ni posho ya semina: imetoka wizarani nzima, imefika kijijini imebaki ya soda. Kwa waya wa milimita sita, unapoteza chini ya nusu volti. Lakini ziwe sita kwenda na sita kurudi, maana ukiweka sita kwenda na moja na nusu kurudi kama alivyonishauri yule bwana, zaidi ya volti moja bado inaishia njiani.

Mama watoto hakupendezwa na hesabu hizo. Alichotaka kujua ni kama samaki watafika Lushoto, tulikokuwa tunapanga kwenda, wakiwa samaki. Nikamwambia watafika, ila tukishafika tutafute mahali tambarare, kwa sababu friji hii ikikaa upande upande maji na amonia yake hayatembei vizuri, na baridi inagoma. Akaniuliza, "Lushoto? Tambarare?" Sikuwa na jibu. Hata uani kwetu Kimara hakuna mita tatu zilizolala sawa. Fundi ilibidi aweke matofali chini ya gurudumu moja ili friji ikubali kujaribiwa.

Tukafika kwenye fyuzi. Nilinunua fyuzi mbili za ampea 20 na vikasha vyake, na nikasema ziwekwe hapo hapo jirani na betri, shubiri moja isizidi. Fundi alitaka kuziweka kule nyuma karibu na soketi "ili ziwe rahisi kubadilisha". Fyuzi iliyoko nyuma inalinda nini? Waya ukichubuka katikati, chini ya tangi la mafuta, ukagusa chasisi, umeme utakuwa umeshatoka kwenye betri na kuunguza kila kitu kabla ya kuifikia hiyo fyuzi iliyostarehe nyuma. Akaelewa, nashukuru. Akaziweka mbele. Siku iliyofuata nikafungua kikasha kimoja nikakuta fyuzi imetolewa na mahali pake pamewekwa kikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara, kimekunjwa vizuri mara nne. "Niliazima, mzee. Kuna Noah ilikuwa na haraka."

Rilei ndiyo iliyobaki, na hapo ninaleta lawama zangu kwa shemeji mwenyewe, maana alikuwa ameshatua likizo ya Desemba, amevaa bukta, anashika shika kila kitu. Karavani ina betri yake ya ndani, na pikapu ina yake. Zinaunganishwa ili alteneta ichaji zote mbili njiani. Lakini injini ikizimwa lazima zitengane, la sivyo friji itazinywa zote. Kazi hiyo ya kuunganisha na kutenganisha hufanywa na rilei inayopima volti: zikipanda kufikia karibu 13.3 inajua injini inaunguruma, inafunga. Zikishuka kufikia karibu 12.8 inaachia. Unaisikia kabisa, tak. Niliagiza, ikawa haijafika. Nikasema tusubiri.

Shemeji akasema huko Leicester mtu hasubiri. Akamwambia fundi aunganishe moja kwa moja kwa muda. Jioni akakusanya ndugu, akafungua mlango wa karavani, akawasha taa zote, akaweka friji kwenye volti 12 ili soda za watoto zipoe huku yeye akieleza namna kitanda kinavyokunjuka. Watu walifurahi. Shangazi alikataa kutoka. Injini haikuwashwa hata dakika moja, na friji haikuzimwa hadi asubuhi, kwa sababu haina mlio wa kumkumbusha mtu. Ampea 10 mara saa 10 ni zaidi ya ilicho nacho betri ya pikapu, na ile ya karavani ilikuwa kuukuu tangu ikiwa Uingereza. Alfajiri nilikuwa na mzigo wa pumba wa kuchukua. Nikageuza funguo: tik. Nikageuza tena: hata ile tik haikuwepo. Vijana wa bodaboda wakasukuma pikapu, lakini pikapu ilikuwa bado imeifunga karavani nyuma, kwa hiyo wakasukuma na sebule, na shangazi akiwa ndani amelala.

Rilei ilifika mchana wake. Imefungwa. Ethi mbili zimefungwa, zote mbili mweupe na mweusi mnene, kwa skrubu zilizopakwa grisi juu ili hewa ya chumvi isizile. Tumekwenda Lushoto na kurudi. Kwenye kona za kupanda kutoka Mombo nilikuwa naangalia kioo cha pembeni usiku, taa za karavani zikawa zinawaka bila kutetemeka, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia, na kila trafiki tuliyempita alitupungia tuendelee. Samaki walifika. Hakuna hata mmoja, si shemeji, si dada mtu, aliyesema chochote kuhusu ethi. Waliisifu friji. Kijiwe nacho kinaeleza kwa wapitanjia kwamba kazi ile iliwezekana kwa sababu ya ile video ya Texas.

Sasa shemeji amerudi Leicester, na juzi kapiga simu. Anasema Desemba ijayo anakuja na wakubwa wake wawili wa kazini, Wazungu, na joto la Dar hawataliweza. Ameona mtandaoni kiyoyozi kidogo cha wati 1,000 tu. Pikapu itaweza?

Nikamwambia wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea zaidi ya 80, bado hujahesabu zinazopotea kwenye kibadilisha umeme. Alteneta ya pikapu yangu nzima, ikijitahidi, haifiki huko, na hapo bado haijawasha hata taa za mbele. Nikamwambia ampea hizo zinahitaji waya wa unene wa kidole, kwenda na kurudi, na kwamba safari hii huo wa kurudi ataununua yeye kwa pauni zake. Akasema, "Aa, sawa shemeji, nimekuelewa." Alikubali upesi mno, nikaingiwa na wasiwasi. Nikatoka uani. Fundi alikuwa ameshapanda juu ya paa la karavani na drili, anatoboa tundu la kiyoyozi. Shemeji alikuwa amempigia yeye kwanza.